Chupa Haitoi Kirusi

Hesabu iliyotangazwa mwezi Aprili 2024 huko Lisbon na Shirika la Afya Duniani, kwamba homa ya ini ya virusi huua watu milioni 1.3 kila mwaka, mmekwisha kuisikia katika taarifa zetu za habari, na hatuna haja ya kuikariri. Linalotutia wahaka sisi ni kwamba siku ile ile chupa za kusafisha ini zilikuwa zikiuzwa stendi kama ada, zina picha ya ini jekundu ubavuni, hazina jina la mtengenezaji wala tarehe ya kwisha, na muuzaji ameshika kipaza sauti akihubiri habari za sumu ya oksijeni.

Ubaya wa mahubiri hayo ni kuwa si uongo mtupu. Kirusi cha aina ya B au ya C, kikisha kuingia katika seli ya ini, huivuruga mitokondria, ambayo ndiyo huipatia seli nguvu, hata ikatoa molekuli kali za oksijeni kupita kiasi, nazo zikaharibu utando wa seli na hata vinasaba vyake. Na kinga ya mwili, ikija kuziua seli zilizoambukizwa, huzidisha madhara yale yale. Walakini seli nayo haikuumbwa dhaifu. Protini yake iitwayo Nrf2, ambayo siku za salama hutengenezwa na kuvunjwa mara moja, huachiliwa wakati wa dhiki ikaingia katika kiini, ikaamrisha vimeng'enya vya kujilinda vitengenezwe na akiba ya glutathioni, inayozima molekuli hizo kali, iongezwe. Kazi hiyo ini huifanya miaka 20, miaka 30, pasina mwenyewe kuhisi lolote. Na madhali kirusi hakitoki, akiba hupungua, makovu hujifuma, na kwa baadhi ya wagonjwa hatima yake ni ini kusinyaa au saratani.

Basi chupa ile yafaa nini? Chupa haitoi kirusi. Hata ingekuwa na kila kilichoandikwa juu yake, haitoi kirusi. Na baadhi ya mizizi inayochemshwa humo ni sumu kwa ini lenyewe. (Sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu, ambayo ikikutana na kirusi cha B huzidisha mno hatari ya saratani, muuzaji haitaji kamwe, kwani haina chupa ya kuuza.) Tulilisema hili mwaka jana, tunalisema leo: chupa haitoi kirusi, na wenye mamlaka ya kuziondoa sokoni hupita mbele yazo kila asubuhi.

Ilhali dawa za kweli zipo. Aina ya C hupona kwa vidonge vya wiki 12, zaidi ya wagonjwa 95 katika 100; aina ya B hutulizwa kwa kidonge cha kila siku, na chanjo yake ikidungwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa humlinda mtoto asiambukizwe na mama. Barani Afrika, mwaka 2022, watoto walioipata kwa wakati huo walikuwa 18 tu katika kila 100.

Enyi wasikilizaji, fedha ya chupa iacheni mfukoni. Nendeni mkapime, ni tone la damu na robo saa ya kungoja. Nanyi akina mama wajawazito, ulizeni kliniki kabla ya siku ya kujifungua: chanjo ya saa 24 ipo? Mkiambiwa haipo, msinyamaze. Ulizeni kwa nini haipo, na italetwa lini.