Kisukari cha mama na damu ya ukoo



Juma hili nataka tuzungumze juu ya maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno hapa Musoma, kule Bunda na hata Butiama. Mama anaambiwa hospitali kwamba ana kisukari. Jamaa wanakaa, wanasikitika, kisha mmoja wao anasema, "Hiyo ni ya ukoo." Bibi alikuwa nayo, mama mkubwa alikatwa mguu kwa ajili yake, basi na huyu zamu yake imefika. Wengine wote wanaitikia kwa kichwa, na shauri linakwisha hapo. Binti zake hawapimwi, na chungu cha nyumbani kinaendelea kupikwa kama jana.

Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Kisukari cha ukubwani, ambacho wataalamu hukiita aina ya pili, kweli hufuata damu. Kila mmoja wetu amerithi jeni kutoka kwa baba na mama, na jeni hizo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu. Mwaka 2006 wataalamu wa Iceland walitangaza kwamba jeni moja, iitwayo TCF7L2, ikiwa na badiliko fulani humwongezea mtu uwezekano wa kupata kisukari: karibu mara moja na nusu kwa aliyelirithi kwa mzazi mmoja, na zaidi ya mara mbili kwa aliyelirithi kwa wazazi wote wawili. Mwaka 2019 ukatangazwa uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Nigeria, Ghana na jirani zetu wa Kenya. Huo ulionyesha badiliko jingine, katika jeni ya ZRANB3, ambalo limeonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, na ambalo linahusu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Nalitaja hili kwa makusudi, maana kwa muda mrefu utafiti wa namna hii ulifanywa kwa damu za Wazungu, sisi tukaletewa majibu yao.

Lakini mabadiliko ya jeni yaliyokwisha kujulikana sasa ni mamia, na karibu kila moja huongeza hatari kidogo sana. Tena ukoo haurithishani damu peke yake. Hurithishana pia kipimo cha sukari katika chai, ukubwa wa sahani ya ugali, na mawazo kwamba mama mnene ndiye anayetunzwa vizuri na mumewe.

Ushahidi wa jambo hilo uko hapa hapa mkoani kwetu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Muhimbili, wakiwemo Profesa Donald McLarty na Daktari Andrew Swai, walikwenda vijijini katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakawapima maelfu ya watu wazima. Hawakungoja wagonjwa waje. Waliwafuata wanakijiji walikokuwa, wakawanywesha maji ya glukosi, wakasubiri, wakachukua damu. Majibu ya vijiji sita yalipochapishwa mwaka 1989, wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya mia moja.

Sasa linganisheni na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64: asilimia 9.1 walikutwa na kisukari. Mtu makini ataniambia kwamba hesabu hizi mbili hazilingani sawasawa, kwani umri si ule ule, kipimo si kile kile, na wa kwanza walikuwa wanavijiji watupu. Ni kweli, na nakubali. Hata hivyo pengo ni kubwa kupita kasoro hizo. Na jeni za watu hazibadiliki kwa miaka ishirini na mitano. Damu ya Mzanaki, Mjita, Mkurya au Mluo wa leo ni ile ile ya bibi yake aliyelima mtama na muhogo kwa jembe la mkono, akabeba maji kichwani kutoka ziwani, akala udaga na dagaa. Kilichobadilika ni kazi, chakula na kiuno. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16, asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa wamezidi uzito. Tembeeni sokoni Musoma muone mama anayeuza tangu alfajiri hadi jioni amekaa kwenye kigoda, chai yake na maandazi pembeni, na jioni bodaboda inamrudisha mpaka mlangoni. Simlaumu, kazi yake ndiyo hiyo.

Hapa ndipo linapoingia neno la pili, nalo ni mchochota. Mnajua kidole kikichomwa na mwiba huvimba, hupata joto na kuwa chekundu. Huo ni mwili unapigana. Kumbe upo mchochota mwingine wa chini chini, usiouma, ambao huwaka miaka na miaka. Mafuta yaliyojaa tumboni, kuzunguka ini na utumbo, si mzigo uliolala tu. Hutoa kemikali, mojawapo huitwa IL-6, ambayo huliamuru ini litoe protini iitwayo CRP. Wakati huo huo misuli huanza kuikaidi insulini, nayo sukari hubaki katika damu.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake waliokuwa katika uchunguzi mkubwa wa afya. Walichukua damu iliyohifadhiwa ya 188 waliokuja kupata kisukari katika miaka minne, wakailinganisha na ya 362 ambao hawakupata. Wanawake wenye CRP nyingi zaidi walikuwa na hatari karibu mara kumi na sita ya wale wenye kidogo zaidi. Unene na mambo mengine yalipotolewa katika hesabu, ikashuka mpaka kama mara nne. Yaani sehemu kubwa ya habari ile ilikuwa ni habari ya unene.

Je, hiyo CRP ndiyo inayoleta kisukari? Swali hili lilijibiwa kwa njia ninayoipenda, na ndipo jeni zilipotufaa kweli. Wako watu waliozaliwa na jeni inayowafanya wawe na CRP nyingi maisha yao yote, wawe wembamba au wanene. Kama CRP yenyewe ndiyo mkosaji, watu hao wangeugua kisukari zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo: hawaugui zaidi. CRP ni moshi. Moto uko mahali pengine, huko juu kwenye mafuta ya tumbo na ndugu zake.

Nasema haya kwa sababu siku hizi vipimo vinauzwa kama vitenge. Kwa mama wa Mara, kulipia kipimo cha CRP ili ajue kama atapata kisukari ni kutupa fedha. Malaria humpandisha CRP, nimonia humpandisha, hata jino bovu. Katika mkoa wenye mbu wengi kama wetu, moshi huo una majiko mengi.

Liko jambo moja la jeni ambalo hospitali zetu hazina budi kulikumbuka. Kanda ya Ziwa ina watu wengi waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja. Hao si wagonjwa, wanalima na kuvua kama wengine. Lakini kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu huangalia chembe nyekundu za damu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba kwa sukari ile ile ya damu, wenye selimundu ya mzazi mmoja walisomeka chini kwa karibu 0.3. Anayesimama mpakani mwa ugonjwa anaweza kuambiwa ni mzima. Kwa hiyo, mama mwenye dalili asitulizwe na karatasi hiyo peke yake. Apimwe sukari yenyewe asubuhi kabla hajala. Ikifika 7.0 na kurudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, basi ni kisukari, CRP iseme itakavyo.

Mwanamke ana mlango mmoja ambao mwanamume hana, nao ni mimba. Mimba huufanya mwili uikaidi insulini kidogo, kwa wote. Kwa wengine kongosho hushindwa kuongeza, sukari ikapanda, mtoto akawa mkubwa kupita kiasi, na uzazi ukawa wa taabu. Akijifungua sukari hushuka, na kila mtu husahau. Kumbe mwanamke huyo ana hatari ya kisukari cha kudumu ipatayo mara saba ya mwenzake ambaye sukari yake haikupanda katika mimba. Hakuna jeni hata moja ya zile nilizozitaja inayokaribia hesabu hiyo. Mwili wenyewe umekwisha kutoa taarifa, na bila malipo.

Wataalamu wanashauri apimwe tena wiki ya sita hadi ya kumi na mbili baada ya kujifungua. Sasa fikirini: wiki ya sita ndiyo wiki ambayo mtoto hupelekwa chanjo. Mama yuko pale pale kwenye benchi la kliniki, kadi mkononi, anangoja saa mbili au tatu. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, wanarudi nyumbani. Kidole cha mama hakikuguswa.

Basi kina mama mlioambiwa sukari imepanda wakati wa mimba, siku hiyo ya chanjo ondokeni nyumbani kabla ya kunywa chai. Mkifika, mwambieni muuguzi, "Dada, nilikuwa na sukari nilipobeba mimba ya huyu. Naomba na mimi nipimwe." Kama stripu zimekwisha, muulizeni zitakuja lini, na mwandikishe siku ya kurudi kwenye kadi.