Fundi Kwanza, Cheti Baadaye: Kazi na Vijana Walioumia Hisia, Bukoba na Muleba



Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Waliokufa baada ya hapo wameandikwa sana. Nina neno juu ya waliobaki, hasa ulipofika wakati wa kuitwa watu wazima.

Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizunguka kaya za mkoa wetu wa Kagera wakihoji na kupima. Mwaka 2004 waliwatafuta tena watoto wa kaya hizo, sasa wakiwa wakubwa. Waliofiwa na mama wakiwa bado watoto walikuwa wamepungukiwa kimo kwa takriban sentimita 2, na elimu kwa karibu mwaka mzima. Kimo kina rula. Kijana anayenyamaza wiki nzima, kisha akarusha nyundo kwa sababu mteja amempazia sauti, huyo tunampima kwa maneno: mjeuri, mvivu, ana mashetani. Mara chache sana tunasema ameumia.

Tena kwetu utu uzima una mahali pake, nao ni kibanja. Baba humwonyesha mwanawe migomba ipi ni yao na mpaka unapita wapi. Yatima wengi waliukosa mkono huo. Baba mdogo alikuja msibani, matanga yakaisha, yeye akabaki, na mtoto akawa mgeni kwenye shamba la babaye. Kwa hiyo anayezungumzia hisia za vijana wa kata ya Nyanga, Bukoba, bila kugusa ardhi anazungumzia nusu ya jambo.

Nshamba, wilayani Muleba, walitambua mapema kwamba yatima anahitaji nafasi ya mtu mzima. Mwaka 2000, chini ya mradi wa Humuliza wa kuwasaidia yatima, vijana yatima wa miaka 13 hadi 20 walianzisha chama chao, Vijana Simama Imara. Walichagua viongozi wao, wakaendesha mikutano na shughuli za kujipatia kipato. Ninachokipenda hapo ni kwamba hakuna aliyewaambia wapone kwanza ndipo wapewe majukumu.

Sheria yetu imepita njia nyingine. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Sasa toka kata ya Nyanga ushuke mpaka sokoni Bukoba, uhesabu waajiri wa namna hiyo. Utapata halmashauri, hospitali, shule kadhaa, kiwanda cha kahawa cha TANICA. Kwingine kote ni genge, saluni, karakana ya kuchomelea, kijiwe cha bodaboda. Ipo pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ila vijana hukopa kwa kikundi, na kikundi gani kitamdhamini mtu ambaye kesho huenda asionekane?

Nimekaa mara nyingi kwenye karakana moja ya useremala, Hamugembe, mjini Bukoba. Mwenyewe ni mzee wa makamo, wote wanamwita Ta. Anaye kijana ambaye kelele zikizidi huinuka akaondoka. Ta hamfuati wala hamwulizi. Msasa unabaki pale pale alipouacha, juu ya ubao, na akirudi anaendelea na mlango ule ule. Sharti ni moja, nimelisikia kwa masikio yangu: "Nenda mwanangu, ila patasi iache." Ujira anampa kila jioni, si Jumamosi kama wengine. Nilipouliza kwa nini, alisema kwa huyu Jumamosi iko mbali mno. Leo kijana anapima na kukata fremu peke yake.

Ta hajasoma saikolojia. Lakini huko New Hampshire, Marekani, tangu miaka ya 1990 Robert Drake na Deborah Becker walijenga utaratibu unaofanana na wake: mgonjwa wa akili anayetaka kazi anatafutiwa kazi halisi yenye mshahara, na msaada unamfuata huko huko kazini. Majaribio katika nchi nyingi yameonyesha kwamba hivyo wanaajiriwa wengi zaidi kuliko wanapowekwa kwanza kwenye mafunzo marefu ya kuwaandaa. Tofauti ni kwamba msindikizaji wa kule analipwa. Ta halipwi.

Basi alipwe. Sehemu ya fedha za mikopo igeuzwe posho ya fundi anayempokea kijana wa namna hii, kwa mkataba unaotaja ujira wa kila siku, maana bila hivyo tutakuwa tumehalalisha vibarua wa bure. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari inapima na kutambua ujuzi uliopatikana mitaani. Cheti kije mwisho, kwa njia hiyo. Na afisa ustawi wa jamii amfuate kijana karakanani, badala ya kumngoja kwenye benchi la zahanati. Najua maafisa ni wachache na pikipiki haina mafuta. Hiyo ni hoja ya bajeti.

Limebaki jambo ambalo fundi hana uwezo nalo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana aliyejaribu akanusurika hawezi kumweleza muuguzi ukweli bila kuwaza polisi, na asipomweleza muuguzi, fundi naye atajuaje amwangalie vipi? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha kwao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Chetu kinaweza kufutwa na Bunge. Wabunge wa Bukoba na Muleba tunawapigia kura sisi, na barua ya kuwaomba wapeleke hoja hiyo iko mezani pale mlangoni. Sahihi yangu imeshatangulia.