Hotuba ya kikundi siku ya kutimiza miaka 10: Protini haina kibubu



Wenzetu wameshazungumzia hisa na mikopo. Sisi tumepewa kuzungumzia chungu cha nyumbani.

Tuseme ukweli. Mwaka wetu wa pili kila yai lilikwenda sokoni ili hisa ya wiki ipatikane. Watoto walibaki na uji mweupe, na ugali kwa mchicha. Ndipo mtoto wa mwenzetu, aliyekuwa ameachishwa ziwa, akavimba miguu, nywele zikafifia rangi. Kliniki wakasema ni kwashiakoo, utapiamlo mkali. Muuguzi akatuuliza: "Kuku mnao. Mayai anakula nani?" Hakuna aliyejibu. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini swali lile tulirudi nalo.

Protini ndiyo hujenga misuli, damu, ngozi na kinga ya mwili. Mtoto hukua kwayo. Mjamzito na anayenyonyesha huhitaji zaidi. Nasi wa jembe na ndoo kichwani, ndiyo hutukarabatia misuli iliyochoka. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kama gramu 15.

Sasa sikilizeni, kina mama. Fedha huwekwa, protini haiwekwi. Mwili hauna kibubu chake. Ukila nyama tele siku ya sikukuu, hujalipia mwezi mzima. Inatakiwa kidogo kidogo, kila siku.

Wala si lazima nyama. Ugali na maharage hukamilishana: kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Dagaa, kunde, choroko, karanga na maziwa navyo vimo.

Mwenzetu mmoja alipinga, akasema, "Yai ndiyo daftari la shule." Hakukosea. Kwa hiyo hatukukataza kuuza. Tulikubaliana kwamba katika kila mayai 10, mawili yabaki nyumbani, na aliyeachishwa ziwa ale kwanza. Sharti hilo bado limo kwenye daftari letu, chini ya faini za kuchelewa.

Tunawaomba na nyie majirani mlichukue. Hakuna ada.