Gari Kubwa la Kulala Safarini: Tuanze na Barabara
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Oltepesi)



Tumeombwa leo tuzungumze juu ya gari kubwa la kusafiria na kulala ndani. Vikundi kadhaa vinalitaka kwa kazi njema: kupeleka wahudumu wa afya kwenye maboma ya mbali, kuchanja watoto, kufundisha, kulala huko siku mbili tatu, halafu kurudi. Lakini gari la namna hii hula akiba ya miaka mingi, tena hubeba maisha ya watu. Basi tulichague kama mfugaji anavyochagua dume la kuzalisha. Haangalii pembe tu. Anaangalia miguu, anauliza litakula nini wakati wa kiangazi.

Kwanza, barabara. Kutoka Corner Baridi mpaka Magadi tunateremka kutoka kama mita 2,000 juu ya bahari hadi kama mita 600. Mteremko huo peke yake unataka breki nzima na dereva anayejua kushuka kwa gia nzito. Shida kubwa zaidi huanza ukiiacha lami: mawe, makorongo, na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika tairi kama gundi. Kabla ya kwenda kwa muuzaji, tembeeni njia yenyewe kwa miguu mkiwa na kamba na fimbo ndefu. Pimeni mahali pembamba kuliko pote, tawi la mgunga lililo chini kuliko yote, na korongo lenye kingo kali. Gari refu lenye tumbo la chini litakwama pale korongoni, mbele juu na nyuma juu. Gari lenye mizigo mizito darini litayumba na kuanguka. Tunataka tumbo la gari liwe juu, mzigo mzito uwe chini.

Pili, tela au lori lenye chumba? Tela lina faida moja kubwa: unaliacha kambini, na gari linalolivuta linakwenda kuchota maji au kumkimbiza mama mjamzito hospitali. Lakini kwenye matope magurudumu ya tela hayasaidii kuvuta, yanaburutwa tu. Kwenye mteremko linasukuma gari kwa nyuma. Na kulirudisha nyuma kwenye njia nyembamba si kazi ya kila dereva. Lori lenye chumba mgongoni huweka uzito juu ya magurudumu yanayovuta, tena hugeuka kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba likiondoka, nyumba yote imeondoka. Kwa hiyo kikundi kinachohama boma hadi boma kichague lori fupi linalovuta kwa magurudumu yote. Kikundi kinachokaa wiki nzima mahali pamoja, karibu na njia nzuri, kinaweza kufikiria tela.

Tatu, uzito. Hapa wengi hudanganyika kwa macho. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 500 likijaa ni nusu tani. Ongeza vitanda, betri, friji ya chanjo, tairi za akiba na watu wanane. Fundi akijenga chumba kwa vyuma vizito, gari laweza kufika kiwango chake kabla mtu hajapanda. Someni uzito uliowekwa na kiwanda, halafu mlipime gari kwenye mizani likiwa tupu na likiwa limejaa. Springi hukatika kwa kuzidisha mzigo. Bebeni tairi mbili za akiba, sepetu, mbao mbili nene, jeki imara na pampu. Kwenye mchanga, kupunguza upepo kidogo husaidia tairi kushika, lakini ujazeni tena kabla ya kurudi lami.

Nne, baridi na mvua. Katika nchi za theluji magari haya hutengenezwa yakiwa na kuta nene, joto la gesi, na mabomba yaliyofunikwa maji yasigande. Sisi hatuhitaji yote hayo. Lakini mwezi wa Juni hadi Agosti, huko juu Ngong, chumba cha bati tupu ni baridi kama kaburi. Wekeni bitana nene darini na ukutani. Hiyo hiyo itazuia jua kali huku chini. Acheni matundu ya hewa, kwa sababu pumzi za waliolala hugeuka maji ukutani.

Na hili tunalisema kwa nguvu: jiko la makaa lisiingizwe humo ndani kamwe, hata makaa yakibaki mekundu tu bila moshi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu hulala akiota moto, na asubuhi haamki. Blanketi la ziada ni rahisi kuliko jeneza.

Wakati wa mvua, ukubwa wa gari usitupe kiburi. Tarehe 4 Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na waumini wa Kikatoliki waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Lilikuwa basi, si gari dogo. Wekeni sheria kwenye kitabu cha kikundi: maji yakipita juu ya daraja au kivuko, tunangoja. Dereva asilazimishwe na mwenyekiti wala na mgeni.

Tano, sheria na fedha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na kwa kawaida usukani uwe upande wa kulia. Kwa hiyo msaada wa gari kutoka Ulaya, hata kama ni wa bure, uulizieni kwanza. Pia mwenye leseni ya gari dogo haruhusiwi kuendesha lori.

Kabla ya harambee, andikeni hesabu tatu: bei ya kununua, gharama ya mwaka mzima (mafuta, bima, dereva, fundi, tairi), na akiba ya kununua jingine hili likichoka. Kama hesabu ya pili haina jibu, msinunue. Kodini lori kwa siku mnazolihitaji, mbebe mahema. Si aibu. Huko Garissa mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia, maana mnyama huyo hupita mchangani ambako gari hushindwa. Walitazama njia kwanza, ndipo wakachagua chombo.

Basi kila kikundi kirudi na majibu ya maswali haya: tunakwenda wapi, mara ngapi kwa mwaka, watu wangapi watalala humo, na nani atalipa tairi za mwaka wa tatu? Mkiwa nayo, tutakaa pamoja tena na fundi, tuangalie magari yenyewe.