Ugonjwa wa Figo Usio na Kelele



Nimeombwa niseme juu ya figo. Habari za figo zinazochakaa polepole kwa kisukari au shinikizo la damu mmekwisha kuzisikia. Nataka kusema juu ya figo zinazokoma kufanya kazi kwa siku chache tu, katika mtu ambaye juma lililopita alikuwa akilima matuta yake.

Figo ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, chini ya mbavu upande wa mgongoni. Kwa siku moja huchuja kadiri ya lita 180 za maji ya damu, na karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja na nusu hivi ndiyo itokayo kuwa mkojo. Vijidudu, hasa vile viishivyo matumboni mwetu, huweza kupanda kwa njia ya mkojo hadi kibofuni, na kutoka hapo hadi figoni. Kwa kijana mambo hayo huwa na kelele: homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno, kutapika. Lakini kwa mzee, au mwenye kisukari, pengine homa haionekani kabisa. Watu wa nyumbani huona tu kwamba mzee hali chakula, amelegea, au anasema maneno yasiyopatana, wakadhani ni uzee. Wengine hutaja uchawi. Sitabishana nao leo, ila nawasihi mkojo upimwe kwanza.

Sasa nasema na wanaume wenzangu. Tezi iliyo chini ya kibofu hukua kadiri tunavyozeeka, ikaubana mfereji wa mkojo. Mkojo ukikwama, vijidudu hustawi ndani yake, na figo huelemewa na kile kisichotoka. Mzee huamka mara tano usiku wala hamwambii mtu, kwa haya. Mkewe ajua, watoto, ambao ndio wenye kumpeleka hospitali, hawajui.

Kisha huja dawa za dukani. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza mgongo, lakini huzidi kuziumiza figo zilizo taabani, hasa mwili ukiwa umepungukiwa na maji, na baridi ya Kilungu hutusahaulisha kunywa maji. Dawa ya vijidudu ikinunuliwa nusu, ugonjwa hunyamaza bila kuondoka.

Hata hivyo, figo zilizosimama kwa ghafula mara nyingi huweza kurudi kazini, mgonjwa akiwahi. Daktari hufungua njia ya mkojo kwa mpira, huviua vijidudu kwa dawa ifaayo, na wengine husafishwa damu kwa mashine kwa muda tu. Vipimo vyenyewe ni mkojo, damu ya kuangalia kreatinini, na picha ya ultrasaundi.

Mwaka 2016 Kaunti ya Makueni ilianzisha mpango ambao kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili kutibiwa katika hospitali zake. Tangu Oktoba 2024 SHA imeshika mahali pa NHIF. Lakini nauli ya kushuka kutoka milimani hadi Wote hutoka mfukoni mwa mgonjwa. Chama chetu hutoa fedha mwanachama akifa. Naomba Kamati itenge sehemu ya fedha hizo kwa nauli na vipimo vya kila mwanachama aliyepita miaka 60, angali hai. Hoja hiyo nimeiandika na kuikabidhi kwa Mwandishi, nami naomba ijadiliwe kabla ya hesabu za mwaka kupitishwa.