Jiko, moshi na mtungi uliofunikwa kitambaa



Haya ndiyo maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wetu. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani, ziwani au msibani.

Ugali wa mihogo na mtama hausongwi kwa moto wa kubembeleza. Unataka moto mkali, na katika nyumba zetu nyingi za Butiama, Bunda na Musoma Vijijini moto huo ni mafiga matatu na kuni. Mama anainama kwenye moshi asubuhi na jioni, mtoto mgongoni. Macho yakiwa mekundu na kikohozi kisipoisha, tunasema ni vumbi au baridi ya ziwa. Serikali yenyewe imetaja Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka wanaofariki kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Malaria tunaiogopa, moshi tunalala nao.

Kuni nazo zimekuwa mbali. Walio Bunda upande wa Serengeti wanajua: mama akikaribia mpaka wa hifadhi anawaogopa askari na tembo kwa pamoja. Saa anazotafuta mzigo mmoja ni saa za palizi, na binti anayefuatana naye hajashika daftari. Pale Mwitongo wazee waliulinda msitu wa Muhunda kwa mila. Vilima vingine havikupata bahati hiyo.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa tarehe 8 Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Tunauunga mkono, lakini tuambiane ukweli. Mitungi ya kilo 6 ya ruzuku ya REA wenzetu waliinunua kwa nusu bei. Tulipopita nyumba kwa nyumba tumekuta baadhi imefunikwa kitambaa chumbani. Gesi iliisha, fedha ya kujaza kwa mkupuo haikupatikana, mama akarudi kwenye kuni. Kuni zinanunuliwa kwa fungu, gesi haina fungu. Na kina baba wenzetu msikasirike: fedha ya kupiga mtungi haikosekani, ya kujaza mtungi ndiyo ngumu.

Wenye umeme, jiko la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kinachouma ni bei ya jiko lenyewe. Wenye ng'ombe, samadi inatoa gesi, ila mtambo wake unataka maji kila siku, na kisima kikiwa mbali tutakuwa tumembadilishia mama mzigo tu, kuni kwa ndoo.

Kamati imekubaliana hivi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vianze mfuko wa kujaza gesi, kila mmoja achangie kidogo kila wiki, na zamu ziende kama tunavyofanya kwenye upatu. Pia tunamwandikia diwani aulize kwenye baraza kuhusu majiko ya shule. Agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa lilikuwa na mwisho wake Januari 2024, na watoto wetu bado wanaagizwa kwenda na kuni.

Viongozi wa mashina waandike kaya zenye mitungi isiyotumika, na sababu ya kila moja. Orodha zimfikie katibu wa tawi kabla ya kikao cha Jumamosi. Asiye na simu aambiwe na jirani.