Rangi ya Taa, Usingizi na Safari za Usiku



Mteja anayeingia katika duka la vipuri kutafuta balbu za taa za mbele huonyeshwa zenye mwanga wa manjano kidogo, na nyingine zenye mwanga mweupe unaoelekea buluu. Hizi za pili huuzwa ghali zaidi, na mara nyingine huambatana na ahadi kwamba zinafukuza usingizi. Ahadi hiyo ina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo inafaa kupimwa kabla ya kutoa fedha.

Ukweli ni huu. Mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, ndani ya jicho mna chembe nyingine zinazoujulisha ubongo kama ni mchana au usiku. Chembe hizo, ambazo utendaji wake ulielezwa na watafiti mwaka 2002, huitikia zaidi mwanga wa buluu. Zikipata mwanga huo kwa wingi, mwili hupunguza melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi.

Lakini mwanga wa taa zako huenda barabarani. Unaorudi machoni mwako ni mdogo. Anayeupokea moja kwa moja ni dereva anayekuja mbele yako. Mng'ao wa buluu husumbua macho kuliko wa manjano, na huwatesa zaidi wazee na wenye mtoto wa jicho. Kwa hiyo unalipa zaidi ili kumpofusha mwenzako kwenye barabara hiyo hiyo mnayopishana.

Wakati wa kununua, someni boksi kwa makini. Namba ya Kelvini, kama 3,200 au 6,000, hueleza rangi tu. Wingi wa mwanga huelezwa kwa lumeni. Msiweke balbu ya LED katika taa iliyoundwa kwa halojeni bila kuhakikisha kwamba inaruhusiwa kwa taa hiyo: chanzo cha mwanga kikikaa tofauti, miale hupanda juu badala ya kuelekea barabarani. Tahadharini pia na miwani ya manjano inayouzwa kwa madereva wa usiku. Lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga unaofika jichoni, na usiku mwanga ni haba tayari.

Ndani ya gari, punguzeni mwanga wa dashibodi na zimeni kioo cha simu. Jicho likishamulikwa, huhitaji muda kuizoea tena giza, na kuzoea kikamilifu huchukua takriban nusu saa.

Hata hivyo, hakuna rangi ya taa inayolipa deni la usingizi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne tu, umekwenda karibu mita 90 bila dereva. Saa za hatari zaidi ni zile za kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, mwili unapodai kulala. Kope zikiwa nzito, au ukigundua huikumbuki kilomita uliyoipita, egesha mahali salama, ulale dakika 15 hadi 20, au umwachie usukani mwenzako aliyepumzika.

Abiria nao wana haki ya kumwambia dereva anayesinzia asimame. Dawa ya usingizi ni kulala, nayo haiuzwi dukani.